Kutoa Taka Kubwa Mtoni kwa Mitumbwi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usafi wa Mto Meramec

Mto Meramec, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, husafishwa kila mwaka mwishoni mwa Agosti na watu wa kujitolea, ambao wengi wao huingia mtoni kwa mitumbwi na kayaki. Kazi yao haiishii kwenye kuokota chupa za maji, kwani hutoa pia matairi, majokofu, mapipa, vipande vya magati na mabati yaliyokunjwakunjwa na mafuriko. Majibu yafuatayo ni kwa msomaji anayetaka kuelewa kazi hiyo inavyofanyika, na pia kwa yule anayefikiria kuifanya mwenyewe, iwe huko Missouri au katika mto ulio karibu na kwake.

Meramec ni mto wa namna gani?

Mto huu huanzia katika vilima vya Ozark, karibu na mji wa Salem, na kupinda mara nyingi kwa umbali wa kilomita zipatazo 350 hadi unapoingia katika Mto Mississippi, kusini kidogo ya jiji la St. Louis. Sehemu yake ya juu hulishwa na chemchemi, kwa hiyo maji huko ni baridi na maangavu, ilhali sehemu ya chini huenda polepole na kubeba tope jingi. Jambo la kukumbuka ni kwamba mkondo wake mkuu hauna bwawa kubwa hata moja. Serikali kuu ilikwisha kuanza kujenga bwawa karibu na mji wa Sullivan, lakini katika kura ya maoni ya Agosti 1978 wakazi wa eneo hilo waliukataa mradi kwa takriban asilimia 64, na mwaka 1981 ukafutwa kisheria.

Kwa upande wa taka, uamuzi huo una matokeo yake. Mto usiozuiwa hupanda upesi mvua inaponyesha vilimani, huingia katika nyua, kambi na gereji zilizo bondeni, kisha hushuka na kuacha kila ulichochukua juu ya mafungu ya changarawe na katikati ya miti. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2015 yalikuwa makubwa kiasi cha kufunga barabara kuu magharibi mwa St. Louis, na Mei 2017 yakaja mengine ya kukaribiana nayo.

Usafi huu ulianza lini, na nani huuendesha?

Ulianza mwaka 1967 kwa jina la Operation Clean Stream, chini ya shirika la Open Space Council la eneo la St. Louis. Siku hizi haugusi Meramec peke yake, bali pia mito inayoulisha, kama vile Big, Bourbeuse, Huzzah na Courtois. Tangu mwaka 1989 jimbo zima lina pia mpango uitwao Missouri Stream Team, ambapo kikundi chochote, hata cha familia moja, kinaweza kujiandikisha, kupewa namba yake, kuchagua kipande cha mto cha kukitunza na kupokea mifuko na glovu bila malipo. Kwa maoni ya mwandishi, mpango huo wa pili ndio uliofanya kazi hii idumu, kwa sababu siku moja ya Agosti haitoshi kusafisha mto ambao unaweza kufurika mwezi wowote.

Kwa nini mitumbwi, na si malori au boti za injini?

Lori hufika pale palipo na daraja au gati, na hapo ndipo mahali ambapo wasafishaji wa nchi kavu wamekwisha kupita. Taka kubwa hukwama penginepo: upande wa ndani wa kona za mto, nyuma ya visiwa vya changarawe, na chini ya kingo za udongo zenye urefu wa mita tatu au nne, ambazo juu yake kuna shamba la mtu na hakuna njia. Boti ya injini nayo hufaa katika sehemu za chini zenye kina, lakini Agosti maji ya Meramec huwa haba, na katika sehemu nyingi za juu hayazidi magoti. Parapela ya injini ingesaga mawe. Mtumbwi wa bati la alumini wenye urefu wa mita tano hivi huelea hata mahali ambapo maji hayavuki kifundo cha mguu, huburutwa juu ya changarawe bila kupasuka, na ukiwa mtupu watu wawili huubeba mabegani.

Hali ni tofauti kabisa katika mito mikubwa. Chad Pregracke, aliyeanzisha shirika la Living Lands & Waters mwaka 1998 huko East Moline, Illinois, anausafisha Mississippi kwa matishari na winchi, kwa sababu mtumbwi uliojaa matairi hauna nafasi katika njia ya meli. Kwa hiyo anayeuliza kama mitumbwi inafaa, kwanza aupime mto wake.

Matairi mengi kiasi hicho hutoka wapi?

Baadhi yalitupwa mtoni makusudi, hasa zamani, watu walipodhani kwamba matairi yakipangwa ukingoni yatazuia udongo usimomonyoke. Mengine hutupwa usiku kutoka madarajani na watu wanaokwepa ada ya kuyapeleka kwenye kituo. Yaliyobaki huchukuliwa na mafuriko kutoka kwenye mashamba na karakana. Tairi lisilo na rimu huviringishwa na maji ya mafuriko kirahisi, kisha maji yakipungua hulala, hujaa changarawe na kuzama taratibu. Ndiyo maana hata kipande cha mto kilichosafishwa vizuri hutoa matairi ya zamani mwaka unaofuata: mto huyafukua wenyewe.

Tairi lililofukiwa hutolewaje?

Kwa kawaida kinachoonekana ni ukingo wake tu, mfano wa hilali nyeusi katikati ya mawe. Anayeanza kazi hii hulishika kwa mikono miwili na kuvuta, na hapo ndipo migongo huumia. Tairi la gari dogo lina uzito wa kilo kumi hivi likiwa tupu, lakini likijaa mchanga na maji uzito huo huongezeka mara kadhaa, na tope lililo chini yake hulinyonya lisiachie.

Njia sahihi ni kuchimba ndani ya tairi kwanza. Mtu mmoja hutoa changarawe ya katikati kwa sepetu fupi, kisha huingiza mkono wenye glovu ndani ya mzunguko wa mpira na kukomba mchanga uliojikusanya humo, akianzia upande wa chini wa mkondo ili maji yenyewe yamsaidie kuusafirisha. Wa pili huingiza mtaimbo chini ya ukingo na kuutikisa bila haraka, si kwa nia ya kunyanyua bali ili maji yapenye chini. Sauti hubadilika maji yanapopita, na tairi huachia kwa ghafla kiasi kwamba aliyekuwa akivuta kwa nguvu zake zote huanguka chali. Likiisha kuachia husimamishwa wima, hutikiswa ndani ya maji na kukaguliwa kwa macho kabla ya kutia mkono tena, kwa maana kambale wadogo hulifanya nyumba, na mara nyingine nyoka wa majini pia. Samaki hurudishwa mtoni hapo hapo. Tairi huviringishwa juu ya fungu la changarawe hadi penye mtumbwi, badala ya kubebwa.

Tairi la trekta ni jambo jingine. Huhitaji watu sita au zaidi, kamba isiyonyumbuka na makapi mawili, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, moja likifungwa kwenye mti imara na jingine kwenye tairi. Kamba ikipitishwa vizuri kwenye makapi hayo, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu theluthi moja, ukiacha msuguano. Hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wa kamba iliyokazwa, wala ndani ya pembe yake, na jaketi lililoloweshwa hutundikwa katikati ya kamba ili ikikatika isiruke na kumjeruhi mtu.

Mtumbwi mmoja hubeba kiasi gani?

Kipimo si idadi ya matairi bali ni umbali uliobaki kati ya maji na ukingo wa mtumbwi, ambao haufai kupungua chini ya sentimita 15. Mzigo hupangwa katikati na chini. Lundo refu la matairi linapendeza pichani, lakini hupandisha uzito juu na kuupindua mtumbwi katika kona ya kwanza yenye maji ya kasi. Kwa jokofu au kipande cha gati, mitumbwi miwili huwekwa ubavu kwa ubavu na kufungwa kwa miti miwili ya kukingama, kisha mzigo ukawekwa juu ya miti hiyo. Jukwaa hilo hutumika katika maji yaliyotulia tu, na wapiga kafi wake huwa wazoefu.

Je, magogo na miti iliyoanguka nayo hutolewa?

Hapana, na hili ndilo jambo linalowachanganya wageni kuliko yote. Mtu akiambiwa asafishe mto, macho yake huenda kwanza kwenye gogo kubwa lenye mizizi lililolala katikati ya maji, kwa sababu ndilo linaloonekana kama uchafu. Gogo hilo ni sehemu ya mto. Nyuma yake mkondo huchimba kina ambamo samaki hujificha wakati wa jua kali, wadudu wa majini hukua juu ya gome lake, na kasa hulipanda kuota jua. Ukingo ulio nyuma yake mara nyingi hushikiliwa na gogo hilo hilo, na likiondolewa udongo huanza kubomoka mvua inayofuata.

Hali kadhalika kwa mawe makubwa bapa. Salamanda mkubwa wa Ozark na Meramec, mnyama wa majini mwenye umbo la mjusi ambaye anaweza kupita nusu mita kwa urefu, hutaga na kuishi chini ya mawe hayo, na mwaka 2021 jamii ya mashariki iliyoko Missouri iliingizwa katika orodha ya serikali kuu ya wanyama walio hatarini kutoweka. Bonde la Meramec lina pia zaidi ya spishi arobaini za kome wa maji baridi, baadhi yao wakiwa katika orodha hiyo hiyo. Kome hawakimbii. Mtumbwi uliojaa ukiburutwa juu ya kundi lao, au watu kumi wakisimama mahali pamoja wakivuta pipa, madhara yanaweza kuzidi faida ya kulitoa pipa lenyewe. Viongozi wenye busara huchagua njia ya kupitishia mzigo kabla ya kuanza kuchimba, na mara nyingine huamua kitu kikae kilipo.

Gogo hukatwa tu pale linapoziba mto mzima kiasi cha kuhatarisha maisha ya wapitao, na hata hapo hukatwa kipande cha kupitisha mtumbwi na watu wenye mafunzo ya msumeno, si na kila mwenye panga.

Ni vitu gani havipaswi kuguswa kabisa?

Mapipa yaliyofungwa ambayo hayajulikani yana nini, mitungi ya gesi, silaha, na chochote chenye harufu kali ya kemikali. Mahali pake hurekodiwa na mamlaka husika huarifiwa. Jokofu halifunguliwi mlango, kwa sababu ya gesi iliyomo katika mfumo wake na kwa sababu ya chakula kilichooza humo. Gari lililozama ni kazi ya polisi na winchi ya nchi kavu. Vitu vya kale, kama mitumbwi ya kuchonga au zana za mawe za wenyeji wa asili, huachwa mahali pake na wataalamu kujulishwa.

Hatari kubwa zaidi ni ipi?

Watu hudhani ni nyoka. Kwa kweli ni miti iliyoanguka ambayo maji hupenya kati ya matawi yake lakini mwili wa mtu hauwezi kupenya. Nguvu ya mkondo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: maji yakienda mara mbili zaidi, hukandamiza mara nne zaidi, na mtu aliyebanwa kwenye matawi hawezi kujinasua kwa mikono. Ndiyo sababu taka iliyonasa upande wa juu wa mti kama huo haifuatwi, hata kama ni tairi moja tu na liko umbali wa kafi.

Hatari ya pili ni vizuizi vifupi vya maji vilivyojengwa zamani kwa ajili ya vinu. Katika Mto Big viko kadhaa, kikiwemo cha Cedar Hill na cha Rockford Beach. Kutoka juu huonekana kama mstari mnyoofu tu wa maji, lakini chini yake maji huzunguka na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Mitumbwi hutolewa nje na kubebwa kupita hapo. Ya tatu ni kusimama katika maji ya kasi yanayozidi magoti, ambapo mguu ukinasa kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi.

Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa na kufungwa wakati wote, hata na anayejua kuogelea. Viatu vya kufunika vidole ni lazima, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya mabati na misumari.

Je, maji yenyewe ni salama?

Inategemea sehemu. Mto Big unapita katika eneo la kale la migodi ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, karibu na miji ya Bonne Terre na Desloge, na mabaki ya migodi hiyo yamo katika mchanga wake, hata serikali ya jimbo huwaonya watu wasile baadhi ya samaki wa huko. Wanaochimba matairi katika mto huo wanatakiwa kunawa mikono kwa maji safi kabla ya kula, na wasirudi nyumbani na viatu vyenye tope.

Huko Meramec kwenyewe, wengi huulizia mji wa Times Beach. Barabara zake za vumbi zilimwagiwa mafuta machafu yenye daioksini, kemikali ya sumu kali, mwanzoni mwa miaka ya 1970; Desemba 1982 mto ukaufunika, na mwaka 1983 serikali ikaamua kuununua mji wote na kuwahamisha wakazi. Baada ya udongo kusafishwa, mahali hapo pamekuwa hifadhi ya jimbo iliyofunguliwa mwaka 1999.

Sheria inaruhusu kupita katika ardhi ya watu?

Missouri ina bahati katika jambo hili, na msingi wake ni kesi iliyohusu Meramec yenyewe. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba mto unaopitika kwa mitumbwi unaweza kutumiwa na umma kwa kuelea, kutembea ndani yake na kuvua, hata kama ardhi iliyo chini na pembeni ni mali ya mtu. Ruhusa hiyo haiendi hadi juu ya ukingo. Anayetaka kupandisha matairi kupitia shambani huomba idhini mapema, na wakulima wengi hukubali wakiombwa kwa adabu. Wapo hata wanaoleta trekta lao.

Matairi hupelekwa wapi baada ya kutolewa?

Hukusanywa kwenye maeneo ya kuteremkia na kupelekwa kwenye vituo vilivyoidhinishwa. Hayapelekwi jalalani yakiwa mazima, kwa sababu hewa na gesi hujikusanya ndani yake na kuyapandisha juu ya taka nyingine. Hukatwakatwa yakawa kuni za viwanda au chembechembe za kutandika viwanja vya michezo. Kwa miaka mingi wanunuzi wa matairi mapya Missouri wamelipa senti 50 za ziada kwa kila tairi kwa ajili ya mfuko wa kushughulikia matairi chakavu.

Tairi lisiachwe likisubiri ukingoni kwa wiki nyingi. Maji yanayotuama ndani yake huzalisha mbu wa jamii ya Aedes, ambao ndio hao hao waenezao homa ya dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Kama mafuriko hurudisha taka, kazi hii ina faida gani?

Mto hauwezi kurudisha tairi lililokwisha kukatwakatwa. Unaleta jingine, ndiyo, lakini kila linalofukuliwa limepunguza akiba iliyozikwa tangu enzi za kabla ya sheria za kuzuia utupaji wa matairi. Faida nyingine haionekani kwa mizani: mtu aliyetoka jasho kutwa nzima juu ya tairi moja la trekta huwa wa kwanza kupiga simu akiona lori likipakua taka usiku darajani.

Je, njia hii inafaa katika mito ya Afrika Mashariki?

Katika baadhi tu. Tana, Rufiji na Mara ina mamba na viboko, na hakuna taka inayostahili kumweka mtu mwenye mtumbwi wa kukodi mbele ya kiboko. Msimbazi na Mto Nairobi, nje ya msimu wa mvua, ni mito ya kina kifupi yenye majitaka mengi, ambamo mtu wa kwenye mtumbwi hana anachomzidi aliye ukingoni na reki, huku akijiongezea hatari ya homa ya mgunda. Penye maji yanayotuama kando ya Ziwa Victoria, kichocho ni sababu tosha ya kutoingiza miguu majini.

Mahali ambapo mtumbwi unafaa kweli ni kwenye vijito vya mikoko, kama kile cha Tudor huko Mombasa, ambako wavuvi wanajua kila mlango wa maji. Kazi hupangwa kwa kufuata bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na zile ambazo hujaa kidogo: watu huingia maji yakijaa, hupakia maji yanaposimama, na hutoka kabla hayajakupwa. Mizizi ya mikoko haikatwi ili kupitisha mzigo. Kinachohitajika kwanza ni mapatano na kikundi cha wavuvi au BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) ya hapo, pamoja na mahali pa kupeleka kitakachotolewa, kwa kuwa matairi yaliyorundikwa ufukweni bila gari la kuyachukua hurudi majini bamvua ijayo.

Nikiona tairi nikiwa peke yangu kwenye kayaki, nifanye nini?

Piga picha, andika mahali lilipo kwa ramani ya simu au kwa kona ya mto, na utoe taarifa kwa kikundi kinachotunza kipande hicho. Kama liko juu ya changarawe kavu, lisogeze mbali na maji na ulimwage maji yaliyomo. Usilifunge kwa kamba kwenye kayaki ukalivuta nyuma yako: likinasa chini, mkondo utaipindua kayaki kabla hujafikia fundo.